Boksi la Besi la Shemeji

Mume wa dada yangu aliitwa Bado Kidogo mtaa mzima, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi wa redio na televisheni. Ukimpelekea redio iliyokufa, kesho yake ungeikuta inaimba juu ya meza yake, nawe ungenyoosha mkono uichukue uende zako. "Bado kidogo," angesema bila kuinua macho. Ndani ya redio kulikuwa na kitu kinakwaruza, kitu ambacho wewe hukisikii wala hutakaa ukisikie, lakini yeye alikisikia, na redio haikutoka pale mpaka kimekwisha. Wateja walimlaani njia nzima, kisha wakarudi. Nilikuwa namwambia, "Shemeji, wewe hata kifo kikija utakiambia bado kidogo." Alicheka. Dada hakucheka, kwa sababu harusi yao ilicheleweshwa miezi minne na kitanda alichokuwa anakitengeneza kwa mikono yake.

Mimi ni mdogo wake dada, na kwa miaka kumi na moja tumeshona pamoja sebuleni kwao. Dirishani kuna cherehani mbili, katikati meza ya kukatia vitambaa, nyuma yake kochi, na ukutani televisheni. Jumapili mchana Shemeji alikuwa anageuza chumba hicho kuwa ukumbi wa sinema. Alishusha pazia zito tulilomshonea, akasogeza kochi upana wa kiganja mbele, upana wa kiganja nyuma, mpaka sauti za zile spika zake mbili ndogo zikutane anapotaka yeye. Tulikaa watatu, tukatazama watu wakifukuzana na magari. Yeye peke yake hakuridhika.

"Besi hakuna," alisema. "Gari zima limelipuka, linalia kama kopo limeanguka jikoni."

Akaamua kutengeneza sabufa, spika ya kutoa besi. Dada akamwambia wazi kwamba akimletea boksi kubwa kama friji, basi atachagua kati ya boksi na mke. Ndipo akapima nafasi iliyopo kati ya mguu wa meza yetu na ubavu wa kochi, akachora nyuma ya karatasi ya kalenda: boksi dogo, limefungwa pande zote, lita kumi na nane ndani, spika moja ya inchi nane mbele. Spika aliipata. Ampli ya kukuza sauti aliitoa kwenye redio kubwa iliyotelekezwa dukani kwake. Mbao angekwenda kuzitafuta Jumatatu. Jumatatu asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati, akaanguka.

Kilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Wazee walisema mganga hajigangi, na mimi sikuwahi kuuona ukweli wa maneno hayo mpaka siku tulipomrudisha nyumbani, mtu aliyefufua nusu ya redio za mtaa ule, tukamkalisha kwenye kochi kama mto. Na neno lililobaki, ukitaka ulie, ukitaka ucheke, lilikuwa "sawa". Yule yule ambaye hajawahi kusema kazi ya mtu ni sawa.

"Shemeji, chai?"

"Sawa."

"Yenye sukari?"

"Sawa."

"Isiyo na sukari?"

"Sawa."

"Nikumwagie kichwani?"

"Sawa."

Tulicheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilidhani namchangamsha. Hospitalini, mama mmoja anayefundisha watu kuongea upya alituambia kwamba maneno ya kutoka yamekatika, lakini yanayoingia huenda yanafika, huenda hayafiki yote. Hakuweza kuapa. "Mpeni kazi anayoijua," alisema, "mtamwona mwenyewe kama yumo."

Kuuguza mtu mzima si kushona vifungo. Dada ni mwembamba, Shemeji ni pande la mtu. Wiki ya pili alijaribu kumnyanyua bafuni, wakaenda chini wote wawili. Nilipofika niliwakuta wamekaa sakafuni kwenye maji, migongo ukutani, kama watu wanaosubiri gari.

"Tumepumzika kidogo," dada akasema.

"Sawa," akasema Shemeji, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unagonga ndoo. Niliuondoa ule mkono kwenye ndoo, nikamwambia aache fujo. Tangu siku ile dada hainami bila kushika kiuno.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku moja dada yuko sokoni kununua uzi, simu ikalia. Alikuwa Kaka Mkubwa, kaka yake Shemeji, anayekaa mbali kidogo, mtu mwenye nyumba pana na watoto wakubwa wenye nguvu za kunyanyua magunia. Si mtu mbaya, nasema hivyo ingawa kwa muda mrefu nilitamani awe mbaya. Akasema nimwekee mdogo wake simu sikioni. Nikaiweka, sauti juu.

"Mdogo wangu, nije nikuchukue ukakae kwangu?"

"Sawa."

Na mimi nikacheka! Nilicheka kama nilivyozoea, nikaikata simu, nikaendelea na pindo la sketi. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulilala ndani ya kinywa. Dada aliporudi na kusikia, alikaa juu ya marobota ya vitambaa. Akampigia Kaka Mkubwa, akamweleza kwamba lile si jibu, kwamba mumewe anasema sawa hata akiulizwa kama yeye ni kuku.

"Shemeji yangu," Kaka Mkubwa akamjibu kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, "nimemsikia kwa sikio langu. Wewe unasema unachotaka wewe. Yeye kasema anachotaka yeye. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na gari."

Tulikuwa na siku kumi na tisa. Dada hakulia. Alichomoa ile karatasi ya kalenda kutoka nyuma ya televisheni, akaitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Kazi anayoijua," alisema. "Tutamtengenezea boksi lake mbele ya macho yake. Kama yumo, huyo kaka yake atamwona."

"Dada, sisi tunajua nini kuhusu spika?"

"Nguo ni nini? Vipande unaviunga. Na hili ni vipande utaviunga."

Basi akafanya kama anavyofanya miaka yote. Alikata karatasi ya kila ubao, mbele, nyuma, juu, chini na mbavu mbili, akazipanga mezani. Alimwonyesha Shemeji moja moja. "Hivi sawa?" "Sawa." "Na hii sawa?" "Sawa." Mkono wa kushoto ulikuwa unadunda juu ya ubao wa kochi, du-du, du-du, nami nikamwekea kitambaa chini ya mkono ili asitupigie kelele. Karatasi zikaenda kwa seremala wa mtaa wa pili. Kesho kutwa zikarudi zimekuwa plaiwudi nene, safi, zimekatwa kwa unyoofu.

Tulizisimamisha, tukazishika kwa mikono minne, tukalisogeza boksi mahali pake. Halikuingia. Lilisukuma kochi huku na mguu wa meza kule. Tukachukua spika, tuiweke kwenye tundu lake. Nayo haikuingia.

Nikamfuata seremala kwa hasira zangu zote. Akaniwekea karatasi zetu juu ya mbao. "Mama, nimekata mlivyochora. Pima mwenyewe."

Nikapima. Ndipo nikajua, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Dada alikuwa ameongeza sentimita mbili kila ukingo kwa ajili ya mshono. Tundu la spika nalo alilipunguza, kama tunavyopunguza shingo ya gauni, kwa kuwa mshono utakula nguo na shingo itapanuka. Miaka ishirini mkono wake unaongeza sentimita mbili, haumuulizi tena. Na mimi niliyekaa pembeni yake sikuona kitu, maana hata mimi ningeongeza.

Niliporudi nikamweleza dada. Alikwenda kusimama mbele ya mumewe na ule mchoro wenye makosa.

"Hivi sawa?"

"Sawa." Du-du, ukagonga mkono.

Akachukua penseli, akakata zile sentimita mbili kwa mstari, pande zote, akapanua na duara la spika.

"Na hivi?"

"Sawa." Mkono ukalala juu ya kochi, wazi, umetulia kama paka.

Dada akarudia mara tano, akimchanganya makusudi. Mara tano mdomo ulisema sawa, na mara tano mkono ulisema ukweli wake. Aliporidhika, alikaa chini miguuni pake, akaweka paji la uso kwenye goti lake lililokufa. "Ulikuwa unatuambia," alisema. "Siku zote hizi ulikuwa unatuambia." Mimi niliikumbuka ile ndoo bafuni. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Seremala akazikata upya mbao kwa mistari ile, na kuanzia hapo tulikuwa na fundi. Na jamani, kiharusi hakikumpunguzia ukorofi hata punje! Tulipaka gundi kwenye maungio, akagonga. Tukaongeza, akagonga. Dada akachukua uzi mwembamba, akaushikilia karibu na kila kiungo huku mimi nikisukuma uso wa spika taratibu kwa ndani, na kona moja ya chini uzi ukayumba. Hewa ilikuwa inatoka. Tukaziba. Uzi ukasimama, mkono ukalala. Tulipojaza pamba ya mito ndani, alitaka nyingi, halafu alitaka kidogo, halafu alitaka ile ile ya kwanza, nikamwambia, "Shemeji, ungekuwa mteja wangu ningekuchoma na sindano." Akacheka kwa upande wake mmoja. Kwenye kitambaa cheusi cha kufunika uso wa boksi hakugonga kabisa. Pale alijua yuko kwa wenyewe.

Alama za waya nyuma ya spika zilikuwa zimefutika, hatukujua upi ni wa chanya na upi wa hasi. Shemeji alitazama betri ya saa ya ukutani mpaka tukamwelewa. Dada akagusisha waya mbili kwenye betri, uso wa spika ukarukia ndani. Mkono ukagonga. Akazibadilisha, uso ukaruka kwa nje, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Mkono ukatulia. Dada akafunga uzi mwekundu kwenye waya uliokuwa upande wa chanya wa betri, fundo la cherehani.

Alhamisi mchana tulishusha pazia. Kulikuwa na ile picha ya treni inayovuka daraja, Shemeji ameitazama mara ishirini. Treni ilipokuja, sauti haikutoka kwenye televisheni tena. Ilitoka sakafuni, ikapanda miguuni, ikatikisa mkasi juu ya meza. Nilipiga kelele. Dada alimtazama mumewe tu. "Sawa," alisema Shemeji, na mkono wake ulikuwa wazi juu ya kochi, na machozi yanamtoka jicho moja. Mdomo na mkono vilisema kitu kimoja. Siku mbili zile dada alikuwa mtu mwingine. Aliimba akiweka zipu.

Jumamosi Kaka Mkubwa alifika saa nne asubuhi na gari safi, blanketi limetandikwa kiti cha nyuma. Dada alimkaribisha, akampa chai, akamweleza mambo ya mkono. Yeye akatikisa kichwa. "Shemeji, mkono wa mgonjwa hucheza."

"Mjaribu mwenyewe," dada akasema.

Kaka Mkubwa hakuwa mjinga. Alimwambia dada ageukie ukuta, na mimi nitoke mlangoni nitazame barabara, tusije tukampa ishara. Akapiga magoti nyuma ya boksi, akabadilisha waya, au hakubadilisha, hatukujua. Treni ikapita daraja. Mkono ukagonga. Akabadilisha. Ukalala. Akafanya hivyo mara nyingi, magoti yakimlia, na nilipochungulia nikaona jasho linamtoka mzee wa watu.

"Mimi mwenyewe sisikii tofauti yoyote," alisema mwishowe. Akamshika mdogo wake mkono ule wa kushoto. "Kumbe upo. Ndugu yangu, kumbe upo humu ndani."

"Sawa," akasema Shemeji.

Dada aligeuka kutoka ukutani, anacheka na kulia. Alikuwa ameshinda. "Sasa muulize," alisema. "Muulize vizuri, na usimsikilize mdomo."

Kaka Mkubwa akasafisha koo. "Unataka kwenda na mimi?"

"Sawa."

Mkono ulikuwa umelala.

Nilidhani amechoka na majaribio. Dada naye alidhani hivyo, kwa sababu alisogea haraka, akachuchumaa mbele yake, mkono mmoja kiunoni. "Hukumsikia vizuri. Mume wangu, unataka kubaki hapa? Hapa nyumbani, na mimi?"

"Sawa." Du-du.

Treni ilikuwa imesimama kwenye televisheni, nusu daraja. Nikasema kwa sauti kubwa, "Muulize tena!" Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na ule mkono.

Dada akauliza tena, maneno mengine, taratibu, kama anayepima mteja asiyetulia. Mkono ukagonga tena.

"Umenichoka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sawa." Ukagonga, kwa nguvu, mara nyingi, mpaka kikombe cha Kaka Mkubwa kikalia kwenye kisahani.

Niliona dada anataka kuliacha swali lililobaki, na niliona hawezi. "Ni mimi? Unaona mimi ndiye niliyechoka?"

"Sawa," akasema Shemeji.

Mkono wake ulilala juu ya ubao wa kochi, kiganja chini, vidole vimenyooka.

"Sijachoka," dada akasema.

Du-du.

Tungefanya nini? Sisi wenyewe ndio tuliomwambia Kaka Mkubwa asiamini mdomo, aamini mkono. Kaka Mkubwa aliinamisha kichwa, wala hakufurahi, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema Jumapili zote barabara iko wazi, nyumba yake ni nyumba yetu. Dada aliitikia kama anayeitikia mteja wa mlangoni. Akaenda kufungasha mashati. Nilimkuta chumbani anayakunja moja moja, anakagua vifungo, anakaza kilicholegea.

Tulimbeba watatu mpaka garini. Nikakimbilia ndani, nikatoka na boksi, angalau liende naye. Shemeji akaliona, akagonga mlango wa gari. Nikalirudisha mahali pake, kati ya mguu wa meza na kochi, halikubakiza hata upana wa uzi.

Nilipotoka tena, dada alikuwa ameinama kwenye dirisha la gari, anamweka sawa kola ya shati. Uso wake ulikuwa mkavu. Anajua kujikaza, dada yangu.

"Usiwe na wasiwasi na mimi," alimwambia. "Nina kazi zangu, nina mdogo wangu. Mimi nitakuwa sawa."

"Sawa," akasema Shemeji.

Kaka Mkubwa akawasha gari. Mkono wa kushoto ulikuwa nje ya dirisha, na ulikuwa unagonga mlango, mara mbili, mara mbili, mpaka gari likakata kona.